Mama alipotangulia na boti

Wiki hii mmeuliza: familia ikifika mji mkubwa wa ugenini, siku za mwanzo ipumzike au itoke? Nilipolisoma swali nilikuwa na jibu tayari: ipumzike. Tulikwenda Bangkok Aprili ya mwaka juzi: mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe wangu, mtu wa Pangani, miaka 71. Wenzetu wale wametutangulia saa nne. Kwao usiku wa manane ukikaribia, mwili wako bado uko saa za magharibi za nyumbani. Watoto wanaomba chakula, na asubuhi hainuki mtu. Tena Aprili ndiyo joto lao kali, hata aliyezoea Dar analikimbia.

Lakini kilichonichoma ni kingine: nani huamua kwamba fulani amechoka? Mama tulimwamulia sisi. Siku mbili tulimwacha chumbani, hotelini kwetu barabara ya Soi 3, mtaa wa Nana, ambako Waislamu wengi hufikia kwa sababu ya chakula cha halali. Tulimletea wali na nyama, tukamwashia televisheni ya lugha asiyoijua. Hakulalamika. Alikaa dirishani.

Siku ya tatu tulikuwa tunakwenda Pratunam, kwenye soko la nguo, wafanyabiashara wa Kariakoo wanapajua. Mama akasema, "Leo nakuja." Barabarani foleni ilikuwa imeganda, tukaenda gati la Nana Nuea kupanda boti za mfereji wa Saen Saep. Boti zile hazingoji mtu. Zinagusa gati, watu wanaruka, injini inanguruma. Kondakta kavaa helmeti, anatembea ukingoni kwa nje akikusanya nauli. Mama akamshika mkono mwanangu wa miaka saba, akakusanya buibui lake, akavuka. Mimi nilikuwa nimeinama nakunja kigari cha mdogo. Kuinuka, maji yalishakuwa kati yetu.

Walikuwa wameketi pembeni kabisa. Nilimwona mwanamke wa jirani akimwonyesha Mama kamba ya turubai, ile ambayo abiria huvuta ili maji machafu ya mfereji yasiwarukie. Mama akaivuta kwa mikono miwili, kama anavuta demani, kamba ya tanga. Baba yake alikuwa nahodha. Turubai likapanda, likawafunika wote wawili, sikuwaona tena. Nilipiga kelele gatini pale kwa Kiswahili, sijui nilikuwa namwambia nani. Mama hakuwa na simu, hakuwa hata na baht moja, pesa ya kule, mfukoni. Mume wangu alinishika kiwiko mpaka boti ya pili ikaja.

Kilichotuokoa ni kwamba Pratunam abiria hushuka kubadilisha boti. Wote walishuka, naye akashuka. Tulimkuta kwenye kivuli kando ya muuza matunda, mjukuu kamwegemea, wanakula embe mbichi wakichovya kwenye chumvi, sukari na pilipili. Yule mama muuzaji alikataa pesa zetu.

"Hawa nao wanakula embe mbichi na pilipili," Mama akaniambia, "ila wanatia sukari. Kaa kwanza, mwanangu, unatetemeka."

Nilikaa. Na leo, kadiri ninavyoandika, lile jibu langu la kwanza linanitoka mkononi. Tokeni, hata siku ileile, hata kama ni kufika gatini na kurudi. Isipokuwa mwenye pumu au presha isiyotulia, huyo amwone daktari kabla hamjaondoka. Kwa watoto wadogo sana bado nasita, kwa sababu wangu wa miaka miwili joto lilimlemea na mchana tulilazimika kumrudisha ndani. Na kwenye boti mtu mzima mmoja atangulie, mwingine afunge nyuma, wazee na watoto wawe kati. Lakini mzee aulizwe yeye mwenyewe, wengine wasimjibie.

Tulipanda boti zile kila siku mpaka tunaondoka. Upande wa kamba alikaa Mama.