Saa 16 bila kula, na mizani haisogei

SWALI: Ndugu Mtaalamu, nina umri wa miaka 43 na uzito wa kilo 91. Miezi minne iliyopita mimi na mdogo wangu tulianza kupunguza uzito, kila mmoja kwa njia yake. Yeye huandika daftarini kalori za kila anachokula. Mimi hufunga saa 16 kila siku, nikila kuanzia saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, bila kupima chochote. Mwezi wa kwanza nilipungua kilo 3, nikamcheka. Tangu hapo mizani yangu imegoma, naye amekwisha kupungua kilo 5 na bado anashuka. Nilisoma kwamba kufunga huuchomesha mwili mafuta kwa namna ambayo kupunguza chakula pekee hakuwezi. Nimekosea wapi, na njia ipi ni bora?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na zile kilo 3, maana ndizo zilizokuponza. Ini na misuli huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Mtu anapopunguza chakula ghafla, kwa njia yoyote ile, akiba hupungua na maji yake hutoka, hivyo mizani hushuka haraka kuliko mafuta yanavyopungua. Sehemu ya ushindi uliomchekea mdogo wako ilikuwa maji.

Hilo la kuchoma mafuta lina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu linawapata wengi. Baada ya saa nyingi bila kula, mwili hutegemea zaidi mafuta yake. Lakini mafuta yaliyotumika asubuhi hurudishwa jioni iwapo chakula cha jioni kinatosha kuyarudisha, na kinachoamua uzito ni hesabu ya wiki nzima, si ya saa chache kabla ya mlo wa kwanza. (Wapo pia wanaotetea kufunga kwa kumtaja Yoshinori Ohsumi, mwanasayansi wa Japani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2016 kwa kuchunguza jinsi seli zinavyosaga na kutumia upya sehemu zake. Kazi yake ya msingi aliifanya kwenye hamira, na haimwambii mtu atapungua kilo ngapi.)

Kipindi chako cha kula ndicho hasa kilichopimwa katika majaribio mawili ya Marekani, na matokeo yake yanafaa kuwekwa bega kwa bega. Katika jaribio la San Francisco lililochapishwa mwaka 2020, watu wazima 116 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakala saa 6 mchana hadi saa 2 usiku, wengine wakala milo mitatu ya kawaida, bila yeyote kuambiwa apunguze kiasi. Baada ya wiki 12 waliofunga walikuwa wamepungua kilo 0.94 na wenzao kilo 0.68, tofauti ambayo haiwezi kutenganishwa na bahati. Katika jaribio la Chicago la mwaka 2023, lililofuatilia watu 90 kwa mwaka mzima, walioanza kwa kula ndani ya saa zizo hizo walipungua takriban kilo 4.6 zaidi kuliko kundi lisilobadili ulaji, na waliopunguza robo ya kalori zao kila siku takriban kilo 5.4, yaani karibu sawa. Saa ni zile zile, lakini matunda ni tofauti kabisa. Wa Chicago, bila kuhesabu, walijikuta wakila kalori takriban 400 pungufu kwa siku, karibu sawa na waliohesabu. Saa haikuwapunguza uzito. Iliwasaidia kula kidogo.

Jaribio la Guangzhou, China, lililochapishwa mwaka 2022, lilielekea huko huko kwa njia nyingine. Watu 139 wenye unene uliokithiri walipewa kikomo kimoja cha kalori, 1,500 hadi 1,800 kwa wanaume na 1,200 hadi 1,500 kwa wanawake, kisha nusu yao wakaongezewa sharti la kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni. Mwaka ulipokwisha, wenye sharti la saa walikuwa wamepungua kilo 8.0 na wasio nalo kilo 6.3, na watafiti hawakuihesabu tofauti hiyo kuwa ya kutegemewa.

Sitakuficha jaribio linalokwenda kinyume kidogo. Mwaka 2025 watafiti wa Colorado waliripoti kwamba waliopunguza asilimia 80 ya kalori kwa siku tatu zisizofuatana kila wiki walipoteza asilimia 7.6 ya uzito katika mwaka mmoja, dhidi ya asilimia 5 kwa waliopunguza kidogo kila siku, ingawa upungufu wa wiki ulipangwa uwe sawa. Maelezo yaliyo karibu zaidi ni kwamba wa siku tatu walilitii agizo vizuri zaidi. Kabla ya kushangilia, kumbuka kwamba katika jaribio la Chicago la mwaka 2017 mambo yaligeuka: asilimia 38 ya waliofunga siku moja na kuacha moja walijitoa, dhidi ya asilimia 29 ya waliopunguza kila siku, na waliobaki wakapungua karibu sawa. Kwa hiyo mimi huwauliza wateja wangu chakula cha ziada kinaingilia wapi kabla ya kuwauliza wanapenda njia gani.

Kwako, nashuku kinaingilia kwenye sahani. Saa 8 ni muda mrefu. Zinatosha chakula cha siku nzima na ziada yake, hasa mtu anapofika saa 6 mchana akiwa na njaa na akiamini kwamba asubuhi amekwisha lipia. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina gramu zipatazo 14, na kila gramu ina kalori 9, hivyo vijiko viwili vinavyomiminwa bila kuangalia ni kalori 250 ambazo hata huzioni. Daftari la mdogo wako nalo si msahafu: katika utafiti wa New York wa mwaka 1992, watu waliodai kula kidogo bila kupungua waligundulika kuripoti karibu nusu tu ya walichokula kweli. Ila daftari lenye makosa bado humfanya mtu asite kabla ya kuongeza.

Baki na saa zako ikiwa hazikusumbui, lakini kwa siku 10 andika kila kinachoingia kinywani, vinywaji na mafuta ya kukaangia vikiwemo. Ukiona ziada imo ndani ya milo, punguza milo. Ukiona inakuja kati ya saa 12 jioni na saa 2 usiku, maliza kula mapema zaidi jioni. Usiache protini katika kila mlo, na fanya mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki ili kulinda misuli, kwa kuwa katika jaribio la San Francisco sehemu kubwa ya kile kidogo waliofunga walichopoteza haikuwa mafuta.

SWALI: Nina kisukari cha aina ya pili na ninatumia vidonge. Je, nami naweza kufunga saa 16?

JIBU: Usianze kabla ya kumwona daktari wako. Insulini, pamoja na vidonge kama glibenklamidi na gliklazidi, huendelea kushusha sukari hata usipokula, hivyo dozi au saa za kumeza huenda zikabadilishwa. Metformini, kidonge kingine cha kisukari, ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari kupita kiasi. Wajawazito, wanaonyonyesha, walio chini ya miaka 18 na waliowahi kuugua matatizo ya ulaji wasifunge kwa ajili ya uzito. Ukiruhusiwa, tembea na kipimo chako cha sukari. Ukitokwa na jasho, ukitetemeka au ukiona sukari imeshuka chini ya 3.9 mmol/L (milimoli kwa lita), kula papo hapo kitu chenye sukari, hata kama saa yako ya kula haijafika.