Hadithi Fupi: Maswali ya Kuiandika, Kuichapisha na Kuirejelea

Swali linalonifikia mara nyingi kutoka kwa wanaoanza kuandika hadithi fupi ni la urefu, na muulizaji hutaka apewe nambari moja isiyo na mjadala. Nambari hiyo haipo. Tuzo za Nebula, zinazotolewa na chama cha waandishi wa hadithi za kisayansi na fantasia chenye asili yake Marekani, huihesabu hadithi kuwa fupi ikiwa na maneno chini ya 7,500. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupokea pia kazi zilizoandikwa kwa Kiswahili, imekuwa ikitaka maneno kati ya 2,000 na 5,000, na kazi isiyofika maneno 1,000 kwa kawaida hutengewa kundi lake la hadithi fupi sana. Mwaka 1842 Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, alipima kwa muda badala ya maneno: alitaka hadithi isomwe kwa kikao kimoja, cha kati ya nusu saa na saa mbili. Nakipenda kipimo chake kwa sababu kinamtazama msomaji, lakini siku ya kutuma kazi, masharti ya jarida ndiyo sheria. Wakisema mwisho maneno 3,000, usiwapelekee 3,400 kwa kutumaini kwamba uzuri wa hadithi utawafanya wasamehe.

Kuhusu uandishi wenyewe nitasema machache, maana hapo kila mtu ana njia yake. Nimewahi kusoma miswada kwa niaba ya wahariri, na kasoro niliyoiona ikijirudia kuliko nyingine haikuwa ya lugha. Kurasa za mwanzo zilieleza utoto na ukoo wa mhusika kabla ya jambo lolote kumpata, kisha aya ya mwisho ikaeleza kile ambacho msomaji alikwisha kukielewa. Ukimaliza rasimu yako, iweke kando kwa muda, kisha jaribu kuisoma bila ukurasa wa kwanza na bila aya ya mwisho. Aghalabu utagundua kuwa hakuna kilichopungua. Halafu isome kwa sauti. Sikio hunasa mazungumzo ya bandia ambayo jicho limeyazoea.

Wengi huogopa kuibiwa kabla hata hawajamaliza kuandika. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimejiunga nao, hakimiliki hupatikana bila kutimiza sharti lolote la usajili, na kiwango cha chini cha ulinzi kwa kazi ya fasihi ni uhai wa mwandishi pamoja na miaka 50 baada ya kifo chake, ingawa nchi nyingi zimeongeza ikafika 70. Katika baadhi ya nchi usajili humsaidia mwenye kazi akifika mahakamani, kwa hiyo hauna ubaya. Kinacholindwa, hata hivyo, ni maandishi yako na si wazo lako: hadithi ya ndugu wawili wanaogombea urithi haiwezi kuwa mali ya mtu mmoja. Kwa maoni yangu, mwandishi mchanga ana sababu ndogo ya kumhofia mwizi na sababu kubwa ya kuuhofia mkataba asiousoma.

Hapa ndipo panapohitaji kukaa kidogo. Jarida linapokubali hadithi, kwa kawaida huwa linaomba haki ya kuichapisha kwa mara ya kwanza, na haki hiyo hutumika mara moja tu. Ndiyo maana wahariri huuliza kama hadithi imewahi kuchapishwa, na ndiyo maana jibu linawashangaza wengi: majarida na mashindano mengi huhesabu hadithi iliyowekwa kwenye blogu au ukurasa wa wazi wa mtandao wa kijamii kuwa imekwisha kuchapishwa, hata kama ilisomwa na marafiki watatu na baadaye ikafutwa. Kuipeleka kwa kikundi kidogo cha wasomaji wenzako ili wakukosoe, mahali ambapo umma hauingii, kwa kawaida hakuna tatizo. Kwa hiyo amua mapema. Ikiwa unataka hadithi fulani isomwe leo na watu wengi bila kupitia kwa mhariri, iweke wazi kwa moyo mweupe. Ikiwa unaitaka jaridani, ifungie.

Mkataba ukija, tafuta mambo manne kabla ya kutazama malipo: ni haki gani unazozitoa, kwa lugha zipi na kwa namna zipi (chapa, mtandao, sauti), kwa muda gani jarida litakuwa peke yake nazo, na lini zitakurudia. Muda wa miezi sita au mwaka mmoja ni wa kawaida. Maneno “haki zote” yanapaswa kukusimamisha, kwa sababu yanaweza kumaanisha kuwa hutaweza kuitia hadithi hiyo katika mkusanyiko wako mwenyewe bila ruhusa ya mtu mwingine. Kuuliza kama kifungu kinaweza kubadilishwa si utovu wa adabu. Wahariri wa kweli hulizoea swali hilo. Ama mchapishaji anayekutaka wewe ulipe ili hadithi yako iingie katika antholojia, yaani kitabu cha kazi za waandishi mbalimbali, kisha akutake ununue nakala, huyo mteja wake ni wewe na wala si msomaji. Ada ndogo ya kushiriki shindano ni jambo jingine. Yapo mashindano ya heshima yanayotoza, na yapo ya heshima yasiyotoza kitu, likiwemo lile la Jumuiya ya Madola, nami hushauri kuanza na hayo ya pili.

Je, inaruhusiwa kutuma hadithi moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja? Majarida mengi huruhusu, mengine hukataza, na kwa kawaida hulisema hilo katika masharti yao. Yanayoruhusu hutarajia uyaarifu mara moja hadithi ikikubaliwa kwingine, na anayekaa kimya hadi akubaliwe mara mbili hujiharibia jina pande zote mbili. Barua ya kusindikiza iwe fupi: jina la hadithi, idadi ya maneno, mstari mmoja au miwili kukuhusu. Usiieleze hadithi. Pale usomaji unapofanywa bila majina, liondoe jina lako si katika ukurasa wa kwanza tu bali pia katika jina la faili na katika taarifa zake za ndani, ambazo programu ya kuandikia huzijaza yenyewe bila kukuuliza.

Wanafunzi na wahakiki wana maswali ya upande wa pili, yaani namna ya kuirejelea hadithi ya mtu mwingine, na ugumu wote hapo unatokana na jambo moja: hadithi fupi karibu kila mara iko ndani ya kitu kingine. Kuna mwandishi wa hadithi, kuna mhariri wa antholojia, pengine kuna mfasiri, na majina yao hayabadilishani nafasi. Marejeleo huanza na aliyeandika hadithi, hata kama jina la mhariri ndilo lililochapwa kwa herufi kubwa juu ya jalada. Baada yake hufuata jina la hadithi, jina la kitabu au jarida, mhariri, mchapishaji, mwaka, na kurasa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Ndani ya matini unataja ukurasa ule tu ulionukuu. Katika mtindo wa marejeleo wa MLA, unaotumika sana katika masomo ya fasihi na ambao toleo lake la tisa lilitoka mwaka 2021, na pia katika ule wa Chicago, jina la hadithi huwekwa ndani ya alama za kunukuu na jina la kitabu huandikwa kwa italiki, yaani herufi za mlazo. Mtindo wa APA, unaotumika sana katika sayansi ya jamii, katika toleo lake la saba huliacha jina la hadithi bila alama yoyote kwenye orodha ya marejeleo na kukipa kitabu italiki. Chagua mtindo mmoja, au ule uliopangiwa na mwalimu wako, na usiuchanganye.

Mwaka nao husumbua. Hadithi iliyotoka kwanza mwaka 1899 ukaisoma katika toleo la 2004 ina miaka miwili ya kuchapishwa, na APA huiandika yote ndani ya matini: 1899/2004. Ukurasa unaoutaja lazima uwe wa toleo lile ulilolishika mkononi. Kwa hadithi ya mtandaoni isiyo na kurasa, APA hukuruhusu kuhesabu aya, ilhali MLA haitaki uhesabu aya zisizo na nambari zake. Na unapochambua, andika kwamba msimulizi anasema hivi au vile. “Mwandishi anasema” humbebesha mwandishi maneno ya mhusika aliyembuni.

Kunukuu sentensi chache kwa ajili ya uhakiki, kwa kumtaja mwenyewe, kunakubalika chini ya Mkataba wa Berne. Kuweka ubeti wa wimbo wa mtu mwingine juu ya hadithi yako ni suala tofauti, kwa kuwa wimbo ni mfupi na mstari mmoja tu unaweza kuwa sehemu kubwa yake. Omba ruhusa au uuache.

Siku utakapokusanya hadithi zako kuwa kitabu, mchapishaji atataka kujua kila moja ilitoka wapi kwanza, mwaka gani, na kama haki zimekurudia, kisha taarifa hiyo itachapwa katika kurasa za mwanzo. Kwa sababu hiyo ninaweka jedwali lenye jina la kila hadithi, idadi ya maneno, nilipoituma, tarehe, jibu, na siku haki zinaporejea, na mkataba wenyewe ninauhifadhi katika folda hiyohiyo. Majarida madogo hufungwa na tovuti zao hupotea, kwa hiyo hifadhi pia nakala ya ukurasa wa hadithi yako siku ileile inapochapishwa.