Kwa nini sauti ya tarumbeta haiyumbi

Ndugu, umeuliza inakuwaje wapiga tarumbeta wa vikosi vya ngoma vya Marekani, yaani bendi za ngoma na tarumbeta zinazopiga huku zikitembea uwanjani, zinazowania ubingwa wa Drum Corps International, shirika la mashindano yao, tangu 1972, watembee kwa kasi bila sauti kuyumba. Jibu liko kwenye wayo. Anapokwenda mbele, mchezaji hutanguliza kisigino, vidole vikiwa vimeinuliwa juu kabisa, kisha huushusha wayo taratibu hadi ncha ya vidole, ili uzito uhame bila kishindo na kiwiliwili kibaki kimetulia, kwa sababu mshtuko wa kisigino hupanda hadi midomoni na kuikata noti. Anaporudi kinyumenyume, hutembelea sehemu ya mbele ya wayo, na visigino havigusi nyasi. Hatua ya kawaida ni nane kwa kila yadi tano, yaani karibu sentimita 57, nayo hurudiwa mazoezini mpaka mwili uizoee bila macho kutazama chini. Vikosi vingi hunyoosha goti, lakini Santa Clara Vanguard walijulikana kwa miaka mingi kwa kulikunja, mtindo ambao mimi naupenda zaidi, ingawa kuwalinganisha watu wote magoti yao kunahitaji subira kubwa.