Jina la kitu ambacho bado hakijatulia

Ukipewa kazi ya kuongeza kitu kipya kwenye API (sehemu ya programu ambayo msimbo wa wengine huiita) ambayo watu wanaitegemea, na wewe mwenyewe huna hakika kama kitabaki hivyo, utashawishika kuandika onyo kwenye nyaraka kisha uendelee na mengine. Haitoshi. Nyaraka husomwa mara moja, baadaye watu hunakili msimbo wa wenzao. Onyo likae kwenye jina lenyewe.

React, maktaba ya JavaScript ya kujenga kurasa, ndiyo mfano ninaopenda kuwaonyesha wageni. Vitu kadhaa vya majaribio humo huanza na unstable_, kama unstable_batchedUpdates. Kisha mwaka 2018 zikaja njia za UNSAFE_, kama UNSAFE_componentWillMount. Viambishi hivyo viwili havisemi jambo moja. Cha kwanza kinasema kitu hiki kinaweza kubadilika, cha pili kinasema kitakuletea balaa hata kisipobadilika. Ukivichanganya, anayekagua msimbo hatajua ajihadhari na lipi. Na usione haya jina likiwa baya, ubaya huo ndio utakaomfanya mwenzako aulize, "Hiki tunakitumia kwa nini?"

Ila kiambishi hufaa pale tu mtumiaji anapojichagulia toleo. Kwenye maktaba ya msimbo, mambo yakivunjika, yanavunjika siku aliyoamua kupandisha toleo. Kitu kikishasambaa kwenye mtandao, hakuna mwenye mamlaka ya kukibadilisha tena. Kwa miaka mingi vichwa vya HTTP (mistari ya maelezo inayosafiri na kila ombi la wavuti) visivyo rasmi vilianza na X-, hadi RFC 6648, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 2012, ikashauri mtindo huo uachwe, kwa sababu vilivyoenea havikuweza kubadilishwa jina bila kuvunja mifumo. X-Forwarded-For ina mbadala rasmi, Forwarded, tangu 2014, na bado utaikuta ile ya zamani kila mahali.

CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, ilipata dhoruba ileile. Ukitaka kukata maandishi baada ya mistari mitatu, mpaka leo unaandika -webkit-line-clamp, yenye kiambishi cha WebKit, injini ya kivinjari cha Safari, na Firefox, ambayo haina uhusiano wowote na WebKit, ililazimika kuikubali kwa jina hilohilo. Ndiyo maana siku hizi vivinjari huficha majaribio nyuma ya swichi ambayo mtu huiwasha mwenyewe.

Swichi, kwa maoni yangu, inashinda jina. Lugha ya Rust imekwenda mbali zaidi: ukiandika #![feature(...)] ili kuwasha kitu cha majaribio, kompaila ya toleo thabiti inakataa kabisa, sharti uhamie nightly, toleo la majaribio linalotolewa kila usiku. Kubernetes, mfumo wa kuendesha programu kwenye seva nyingi, ilikuwa na majina mazuri tu, v1alpha1 kisha v1beta1, lakini watu walizoea kutumia beta kama kitu kilichokamilika. Ingress ya beta, API ya kuelekeza maombi ya nje kwa programu, ilipoondolewa kwenye toleo 1.22, mwaka 2021, faili za YAML (za mipangilio) zilizoachwa bila kuguswa zilianza kukataliwa. Tangu 1.24, API mpya za beta huja zikiwa zimezimwa.

Kitu chako kikitulia, usifute jina la majaribio siku hiyohiyo. Liache kwa toleo moja au mawili likielekeza kwenye jina jipya, na kila linapoitwa litoe onyo. Onyo hilo litaje jina la kutumia na toleo ambalo la zamani litaondolewa. "Imepitwa na wakati" peke yake haimwambii mtu afanye nini.