Kabla hujauliza ni ya umma au ya binafsi

Ripoti ya kwanza niliyoandika nilipoingia kwenye kazi ya sera za afya ilirudi mezani kwangu ikiwa na swali moja pembeni. Nilikuwa nimeandika kwamba Kanada ina huduma za afya za serikali. Swali lilikuwa: "Daktari huyo ameajiriwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilitafuta siku mbili nikagundua kuwa madaktari wengi wa huko hawajaajiriwa na serikali. Wanajitegemea, na bima ya umma ya jimbo ndiyo inayowalipa.

Wewe unayeanza leo, tenganisha maswali mapema. Nani analipa? Nani anatibu? Hospitali ni mali ya nani? Mtu akikuambia mfumo fulani ni wa umma, mara nyingi amejibu moja tu kati ya hayo. Uingereza ilizifanya hospitali kuwa mali ya taifa Julai 1948, zikigharimiwa na kodi, lakini madaktari wa familia walibaki watu wanaojitegemea wenye mkataba na serikali. Uholanzi ilipita njia nyingine: tangu 2006 mkazi hununua bima kwa kampuni binafsi, ila sheria inaikataza kampuni kumnyima bima ya msingi kwa sababu ya maradhi yake, na kampuni yenye wagonjwa wengi hufidiwa kutoka mfuko wa pamoja. Hata Marekani, ambayo kila mtu huitaja akizungumzia soko huria, ina Medicare, bima ya umma ya wazee, na Medicaid, ya wenye kipato kidogo, tangu 1965, na serikali yake inamiliki hospitali za kuwatibu askari wa zamani.

Jambo ambalo ningependa ulikalie zaidi ni namna ya kulipa, kwa sababu wanaobishana hawaligusi. Nimepitia madai ya bima kwa miaka, na tabia ya malipo huonekana kwenye makaratasi hata kabla hujasoma jina la hospitali. Daktari akilipwa kwa kila kipimo, vipimo huongezeka. Akilipwa kiasi kimoja kwa mwaka kwa kila mtu aliyeandikishwa kwake, atavutwa kuwa na orodha ndefu na mazungumzo mafupi. Akilipwa mshahara, hana cha kupata kwa kumzidishia mgonjwa vipimo, lakini pia hana cha kupoteza foleni ikirefuka. Simaanishi kwamba madaktari hawana dhamiri; wengi niliowajua walikuwa nayo tele. Namaanisha kwamba hospitali ya umma inayolipwa kwa kila huduma hufanana kitabia na ya binafsi inayolipwa vivyo hivyo, kuliko inavyofanana na ya umma mwenzake yenye bajeti ya mwaka.

Mchumi Kenneth Arrow alieleza mwaka 1963 kwa nini tiba si bidhaa kama nyingine: mtu hajui ataugua lini, na akiugua, anayemuuzia ndiye anayemwambia anahitaji nini. Ukilielewa hilo, utaona kwa nini ushindani peke yake haushushi gharama za matibabu kama unavyoshusha bei za vitu vingine.

Halafu kuna foleni. Wanaotetea soko huzionyesha foleni za mifumo ya umma, na ni kweli zipo. Watu huteseka wakisubiri upasuaji wa nyonga au wa mtoto wa jicho. Lakini aliye kwenye foleni ameandikwa. Aliyesikia bei akarudi nyumbani na ugonjwa wake hayumo kwenye orodha yoyote, na mimi nilifanya kazi muda mrefu bila kumhesabu. Hilo bado linaniuma.

Kosa la upande wa pili ni kusoma sheria na kudhani umeona huduma. Sheria inasema matibabu ni bure, mgonjwa anaonwa, anaandikiwa dawa, dawa haipo. Anaelekezwa duka la nje. Gharama imehamia mfukoni mwake, na taarifa ya kituo inaonyesha alitibiwa bila malipo.

Kwa hiyo ukitumwa kukagua kituo, kiwe cha umma au cha binafsi, usianzie ofisi ya mkuu wake. Kaa karibu na dirisha la dawa asubuhi nzima. Hesabu wanaofika na cheti cha daktari, kisha hesabu wanaoondoka nacho bado mkononi.