Bibi Shamba Anajibu: Mahindi ya zambarau, kisima cha bondeni na shamba la marehemu

Mahindi yangu yakifika magotini majani yanageuka zambarau. Kila mwaka napandia DAP na hali ni ileile. Nibadilishe mbolea? – Mama wa ekari tatu, Mufindi

Usibadilishe kitu kwanza. Zambarau ni dalili ya kukosa fosforasi. Kwa baridi ya Mufindi mche mchanga unaweza kugeuka rangi hiyo, kisha ukajirudi wenyewe jua likikaza. Yako yamefika magotini, kwa hiyo baridi naiondolea lawama. Ninachokishuku ni tindikali. Udongo wetu mwekundu wa Mufindi, Kilolo na Njombe una chuma na alumini kwa wingi, na pH (kipimo cha tindikali, ikishuka tindikali imepanda) ikishuka chini ya 5.5 madini hayo huikamata fosforasi ya DAP kabla mzizi haujaifikia. Na kama unakuzia kwa SA (mbolea ya salfeti ya amonia) kila msimu, tindikali unaiongeza kwa mkono wako. Urea nayo huongeza, ila polepole zaidi.

Pima. Kati ya Julai na Septemba, kabla ya purukushani za mbegu, pita shamba zima kwa mtindo wa zigizaga, uchukue udongo sehemu 15 hivi, kina cha sentimita 20. Ruka kichuguu, zizi la zamani na pale mlipochoma masalia (na kuchoma masalia acheni, nimeshasema). Tumia ndoo ya plastiki, maana ya bati lenye kutu inaharibu kipimo cha madini. Changanya, anika kivulini, funga nusu kilo, peleka TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo kule Mbeya. Udongo wa mteremkoni na wa bondeni usiwekwe mfuko mmoja. Andika pia ulipanda nini na unataka kupanda nini, kwa sababu ushauri wa chai si ushauri wa maharage.

Majibu yakitaka chokaa, ni chokaa ya kilimo, si ya kupaka ukuta. Ichanganye na udongo mwezi mmoja au miwili kabla ya kupanda, kwa kiasi kilichoandikwa. Ukizidisha, mahindi yatakosa zinki. Na usiimwage pale unapopanda viazi mviringo msimu huohuo, vitaota mabaka ya ukurutu na dalali atakukata bei huku anacheka.

Mbolea gani nzuri kwa Mbeya? – Igurusi

Mbeya hiyo ina Tukuyu ya udongo wa volkano na ina Usangu ya mfinyanzi wa mpunga. Zao gani, shamba liko wapi, msimu uliopita uliweka nini? Swali hili nalipata kila wiki, na wanaoliuliza wengi wameshanunua mfuko.

Kisima chetu kiko chini ya vinyungu, bustani za bondeni za kiangazi. Maji ni meupe kama kioo, tunachemsha. Kuna haja ya kupima? – Dada wa Kilolo

Ipo, tena kubwa. Vinyungu vinapigwa dawa na mbolea kiangazi kizima, na kila kinachomwagwa juu huteremka kwenu. Kuchemsha kunaua vijidudu, hapo mnafanya vizuri. Lakini naitreti ya mbolea na samadi haiondoki kwa kuchemsha. Maji yanapungua sufuriani, yenyewe inabaki, kwa hiyo unaizidishia nguvu. Mwenye kuumia zaidi ni mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa ya kopo kwa maji hayo: damu yake inashindwa kubeba oksijeni. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita.

Kuhusu choo hukusema, na nyie hamsemi kamwe. Kikae mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko. Chupa ya sampuli ombeni maabara ya ubora wa maji. Chupa ya soda mliyoisuuza haifai kwa kipimo cha vijidudu. Sampuli ifike maabara siku hiyohiyo ikiwa ya baridi. Pimeni mvua zikishaanza, kwa maana kisima kinachofaulu Septemba kinaweza kuanguka Januari.

Wenye vinyungu wenyewe wakumbuke sheria ya mazingira ya mwaka 2004, inayokataza shughuli za kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Najua hamtaki kusikia.

Kisima kiko jirani na karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nichemshe kwa muda gani? – Makongolosi

Usichemshe kabisa. Zebaki inayotumika kukamata dhahabu haifi kwa moto, inaweza kupanda na mvuke unaouvuta puani. Tafuta maji mengine ya kunywa tangu leo, ukapime kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ofisi ya kanda Mbeya. Taja kwa mdomo wako zebaki, na sayanaidi kama kuna wanaochenjua marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kusafishwa), kwa sababu kipimo cha kawaida cha kisima hakizitafuti.

Mume wangu amefariki. Shemeji anasema nisihangaike na chokaa, shamba ni la ukoo. – Mjane, Ilula

Pole mama. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi, ila sheria haitembei yenyewe hadi Ilula. Fungua mirathi mahakama ya mwanzo. Mgogoro ukianza, nenda baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba na angalau watatu lazima wawe wanawake, kawatafute hao kwanza. Kisha uombe hatimiliki ya kimila, hati ya ardhi ya kijiji, kwa jina lako. Chokaa inafanya kazi misimu kadhaa, nisingependa uinunue wewe avune yeye.

Na nyie wenye waume hai: kwenye fomu ya sampuli mnaandika jina la nani? Karatasi ya maabara haithibitishi umiliki, lakini mnalima nyie, mnanunua mbolea nyie, halafu majibu yanakaa kwenye simu ya baba aliyeko Dar.

Kuna kijana anapita na kijiti cha kuchomeka ardhini, anasoma pH papo hapo kwa elfu tano. Tumpe? – Vwawa

Mwambie achomeke mahali palepale mara tatu, umwone anasoma nini. Kwenye udongo mkavu vijiti vile vinabahatisha. Elfu tano yako iwe nauli ya kwenda Uyole.