Dume mkali kwenye tangi la sikilidi: mtoe jike machoni pake

Anayeanza kuzalisha sikilidi, samaki wa jamii moja na perege, huniuliza kwanza ni aina gani iliyo na dume mpole. Wapo, lakini huo ukali unaokukera ndio unaomfanya dume ashike eneo, achimbe mchanga na kuwafukuza samaki wanaokula mayai. Siku hizi sipotezi muda kumtuliza. Najiuliza swali moja tu: jike akitaka kumpotea, ana pa kupotelea?

Wengi hujibu kwa kujaza mapango. Pango la mlango mmoja ni mtego. Jike akishaingia, dume anasimama mlangoni na kazi imekwisha. Mimi napenda rundo la mawe katikati ya tangi, limepanda hadi karibu na uso wa maji, lenye mianya ya kupenya upande hadi upande. Chuchumaa mbele ya kioo, weka jicho usawa wa pale dume anapokaa. Ukiliona tangi lote, na yeye analiona lote. (Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi yenyewe, si juu ya mchanga. Hawa jamaa wanachimba, na rundo likiporomoka utalia.)

Kwa wale wanaoishi wawiliwawili, kama Amatitlania nigrofasciata wa Amerika ya Kati, yule mwenye milia kama pundamilia, hatari kubwa ni pale dume anapokuwa tayari na jike bado. Dawa yake ni wavu mgumu wa plastiki unaogawa tangi, wenye matundu ya kumpitisha jike lakini si dume. Jike wa aina hii ni mdogo kuliko dume, kwa hiyo inawezekana kabisa. Anavuka akitaka, anarudi akichoka. Mwangalie tumboni: akikaribia kutaga, kijirija kifupi butu cha kutagia mayai huchomoza nyuma kidogo ya mapezi ya tumbo, na rangi ya machungwa ubavuni hukolea. Hapo hata tabia hubadilika, yeye ndiye anayemfuata dume.

Jambo linalowashangaza watu ni kwamba wawili wakiachwa peke yao kabisa wanaweza kugeukiana. Hawana adui wa kumfukuza, basi ukali unabaki nyumbani. Weka samaki mwingine nyuma ya kioo cha kugawia, wamwone lakini wasimfikie. Wazazi watashinda wanamtunishia mashavu yeye.

Mbuna, sikilidi wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, ni habari nyingine. Dume hahitaji mke mmoja, anahitaji majike kadhaa ili mateso yagawanyike. Nunua kundi la wadogo, wakue pamoja, kisha punguza madume kadiri rangi zinavyojitokeza. Watu hujaza tangi kidogo makusudi ili asipatikane mnyonge mmoja wa kuonewa, na inasaidia, ila tu kama chujio lako lina nguvu na hubahatishi kubadilisha maji. Mbuna aitwaye Melanochromis auratus sikushauri kuanza naye. Hata majike wake ni wakorofi.

Jike wa mbuna hulea mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu. Utamjua: kidevu kimevimba, hali chakula, taya zinatafuna polepole bila kitu. Usikimbilie kumhamisha siku za mwanzo, anaweza kuyatema au kuyameza. Ngoja wiki mbili zipite, umhamishe taa zikiwa zimezimwa. Akishawatema vifaranga, mpe siku chache ale ashibe kabla ya kumrudisha, na siku ya kumrudisha sogeza mawe ili wenyeji nao waanze upya kugombea mipaka.

Kila asubuhi tazama pembe za juu za tangi kabla ya kulisha. Samaki aliyejibanza pale chini ya uso wa maji, mapezi yamebanwa, mkia umechanika, ameshapigwa sana. Kosa la kawaida ni kumtoa yeye peke yake na kumwacha mchokozi akitawala tangi lote. Jike mwenye majeraha makubwa apumzishwe kwingine, sawa, lakini dume naye atoke, akae tangi la pembeni siku kadhaa. Jike akishapona, mtangulize yeye, panga mawe kwa namna nyingine, halafu ndipo umwingize dume, akiwa mgeni.